Faili za draiva za zamani: zipi zifutwe, zipi ziachwe, na kwa njia gani?

Mtunza_Diski aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Ninatumia kompyuta mpakato yenye Windows 11 na diski ya SSD ya GB 128, ambayo sasa imebakiwa na nafasi finyu kiasi kwamba masasisho makubwa ya mfumo yanagoma kusakinishwa. Katika kutafuta kinachokula nafasi nimegundua kwamba folda ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository peke yake inaonyesha karibu GB 17, na ndani yake zimo folda nyingi zenye majina yanayokaribiana, ambazo kwa mtazamo wangu ni matoleo mbalimbali ya draiva ileile, yaani programu ya kuiendeshea kadi ya michoro. Zimo pia draiva za printa na skana ambazo sizimiliki tena.

Nilipojaribu kufuta folda mojawapo, mfumo ulininyima ruhusa. Nimesoma mahali kadhaa watu wakishauri kwamba mtu ajitwalie umiliki wa folda hiyo kisha afute atakacho, lakini ushauri huo unanitia shaka. Kinachonichanganya zaidi ni tarehe: katika dirisha la kusimamia vifaa, baadhi ya draiva zinaonyesha tarehe 21 Juni 2006 na nyingine zinaonyesha mwaka 1968, ilhali kompyuta yenyewe haijafikisha hata miaka mitano. Je, hizo ndizo nianze nazo kwa kuwa ndizo kongwe? Na je, zipo draiva za zamani ambazo mtu anapaswa kuzihifadhi badala ya kuzifuta?

Fundi_Taratibu alijibu:

Ndugu Mtunza_Diski, shaka yako ina msingi. Usijitwalie umiliki wa folda hiyo, kwa sababu kunyimwa ruhusa hapo si hitilafu, ni kinga iliyowekwa kwa makusudi.

FileRepository ni ghala la draiva la Windows, na utaratibu huu umekuwepo tangu Windows Vista. Kila draiva inayosakinishwa huingizwa kwanza ghalani ikiwa kifurushi kizima: faili ya INF inayoeleza ni kifaa gani kinachohusika na ni faili zipi zinazohitajika, faili za SYS na DLL zinazofanya kazi yenyewe, na faili ya CAT yenye saini ya kidijitali inayothibitisha kwamba hakuna kilichochezewa. Kifurushi kisicho sehemu ya Windows yenyewe hupewa pia jina la usajili, kama vile oem7.inf au oem42.inf, na nakala ya INF yake huwekwa katika C:\Windows\INF kwa jina hilo. Kwa hiyo folda unazoziona ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili umo katika rejista ya mfumo na katika faili hizo za oem. Ukifuta folda kwa mkono, usajili hubaki ukielekeza mahali pasipo na kitu, na siku kifaa kitakapochomekwa tena usakinishaji utashindikana kwa ujumbe wa makosa ambao hautaitaja hata kidogo folda uliyoifuta. Isitoshe, draiva nyingi za siku hizi, hasa za kadi za michoro, hazinakiliwi zote kwenda System32, bali sehemu zake huendeshwa moja kwa moja kutoka ghalani. Folda unayoidhania kuwa masalio huenda ndiyo inayochora skrini unayoitazama sasa.

Kuhusu tarehe, jibu ni hapana, na tena hizo ndizo za mwisho kabisa kuguswa. Draiva zinazokuja na Windows yenyewe hupewa tarehe ya 21 Juni 2006 hata kama zimeandikwa upya mwaka huu. Kinachobadilika ni namba ya toleo. Sababu yake ni kwamba Windows, inapochagua kati ya draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja kwa kiwango sawa, hutazama tarehe kabla ya kutazama toleo, na Microsoft haitaki draiva yake ya jumla iishinde ya mtengenezaji kwa sababu tu imetoka karibuni. Zile za 1968 ni za Intel: tarehe 18 Julai 1968 ndiyo siku kampuni hiyo ilipoanzishwa, nao waliitumia katika faili za INF za chipseti zao (chipu zinazounganisha sehemu za kompyuta) kwa lengo hilohilo la kuzifanya zionekane kongwe kuliko nyingine yoyote. Nyingi kati ya hizo hazina hata faili ya SYS; kazi yake ni kukipa kifaa jina lake sahihi. Kwa hiyo tarehe ya draiva haielezi umri wake, na mtu anayefuta kwa kupanga orodha kwa tarehe atakuwa anafuta kwa kubahatisha.

Sasa njia yenyewe. Kwanza hakikisha kwamba kinga ya mfumo imewashwa, maana katika kompyuta nyingi huwa imezimwa, kisha tengeneza alama ya kurejesha mfumo. Pili, chomeka diski ya nje, tengeneza folda tupu ndani yake, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, na uandike:

`pnputil /export-driver * D:\AkibaDraiva`

Amri hii ya pnputil, zana ya Windows ya kusimamia draiva, hunakili vifurushi vyote vilivyosajiliwa visivyo vya Windows yenyewe, kila kimoja kikiwa kamili pamoja na saini yake. D hapa ni herufi ya diski ya nje, na folda ya kupokelea lazima iwe imeshatengenezwa, amri haitakutengenezea. Baada ya hapo orodhesha vilivyomo:

`pnputil /enum-drivers`

Orodha hii haionyeshi draiva za Windows yenyewe, jambo ambalo lenyewe ni ulinzi mkubwa kuliko kuvinjari folda. Soma kwa makini mstari wa jina la asili la INF na mstari wa toleo, ukikumbuka kwamba tarehe huandikwa mwezi ukitangulia siku. Vifurushi viwili vyenye jina la asili lilelile na matoleo tofauti kwa kawaida ni cha zamani na kipya. Lakini vifurushi viwili vya mtengenezaji mmoja vyenye majina tofauti ya asili si nakala za kitu kimoja: draiva ya kisasa ya michoro hugawanywa katika kifurushi cha msingi, kifurushi cha nyongeza kinachobeba mipangilio ya mtengenezaji wa kompyuta, na kingine cha programu yake ya udhibiti. Hapa ndipo wengi wanapodhani wameona marudio ambayo hayapo.

Ili kujua kinachotumika hasa, katika Windows 11 unaweza kuandika:

`pnputil /enum-devices /class Display /drivers`

Utaonyeshwa kwa kila kifaa draiva iliyosakinishwa na zile zilizozidiwa daraja. Ukishaitambua ya zamani, tuseme ni oem23.inf, ifute hivi:

`pnputil /delete-driver oem23.inf`

Usiongeze /force wala /uninstall. Bila nyongeza hizo, amri itakataa kufuta kifurushi kinachotumiwa na kifaa chochote, na kukataa huko ndiko unakokuhitaji. Anayeongeza /force tangu mwanzo amejiondolea mwenyewe kinga pekee iliyobaki.

Vifurushi vya vidhibiti vya diski na vya chipseti viache hata kama vina matoleo mawili. Ni vidogo, na kosa katika kundi hilo huweza kuifanya kompyuta ishindwe kuwaka. Nafasi kubwa utaipata katika michoro na pengine sauti. Kwingineko utahangaika kwa ajili ya megabaiti chache.

Kalamu_na_Kodi alijibu:

Ninaheshimu maelezo ya Fundi_Taratibu, ila naona kwa mtumiaji wa kawaida ni marefu kupita mahitaji yake. Programu ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows, inayofunguliwa kwa amri ya cleanmgr, ina kipengele cha vifurushi vya draiva za vifaa, ambacho huonekana baada ya kuchagua usafishaji wa faili za mfumo. Kipengele hicho huondoa matoleo ya zamani na kubakiza toleo jipya kabisa la kila kifurushi. Hakuna cha kusoma wala cha kulinganisha, na hakuna hatari ya kuandika namba isiyo sahihi.

Niongeze pia kwamba ukubwa unaouona ukibofya sifa za folda si wa kuaminika sana. Faili za draiva za Windows yenyewe zilizomo ghalani mara nyingi ni faili zilezile zilizomo katika WinSxS (folda ya vijenzi vya Windows) na System32\drivers, zikionekana kwa njia zaidi ya moja lakini zikichukua nafasi mara moja tu kwenye diski. Usitarajie kwamba GB 17 hizo zote ni za kurudishwa.

Fundi_Taratibu alijibu:

Ndugu Kalamu_na_Kodi, sipingi matumizi ya cleanmgr, na hoja yako kuhusu ukubwa ni sahihi. Tatizo langu ni dogo lakini lina uzito: kitufe cha kurudisha draiva ya awali, kilichomo katika dirisha la kusimamia vifaa, hutegemea kifurushi cha awali kuwepo ghalani. Cleanmgr ikishapita, kitufe hicho hakina cha kurudisha. Toleo jipya kabisa si lazima liwe ndilo linalofanya kazi vizuri. Wako watu ambao skrini zao hutetereka au kompyuta zao haziamki kutoka usingizini baada ya sasisho la michoro, na kinachowaokoa ni lile toleo la nyuma. Kwa hiyo kama sasisho la mwisho ni la hivi karibuni, ni busara kusubiri hadi uridhike nalo kabla ya kusafisha, na kama unafuta kwa pnputil, ni vyema kubakiza toleo moja la nyuma la michoro. Atakayetumia cleanmgr atumie, mradi awe ametanguliza ile nakala ya diski ya nje.

Mhifadhi_Vifaa alijibu:

Nitalijibu swali la mwisho la ndugu Mtunza_Diski, lile la draiva zinazostahili kuhifadhiwa, kwa kuwa ninaona limeanza kusahaulika.

Draiva ya kifaa ambacho mtengenezaji wake ameacha kukihudumia ihifadhiwe nje ya kompyuta bila kujali umri wake. Kurasa za upakuaji za vifaa vya zamani huondolewa bila taarifa, na baada ya hapo kinachobaki ni tovuti za watu wasiojulikana zinazodai kuwa na draiva za kila kitu, ambako mtu huenda kutafuta draiva ya skana akarudi na programu hasidi. Skana, vifaa vya kurekodia sauti, vipimo vya maabara na mashine za kuchapisha lebo huishi muda mrefu sana kuliko draiva zake zinavyopatikana. Kwenye kundi hili niongeze draiva ya kadi ya mtandao na ya kidhibiti cha diski za kompyuta yako yenyewe, kwa sababu zinahitajika wakati usio na mtandao wa kuzipakulia. Zipo kompyuta mpakato zinazotumia Intel VMD, utaratibu wa Intel wa kusimamia diski, ambazo kisakinishi cha Windows hakiioni diski yake mpaka kipewe draiva ya hifadhi kutoka kwenye diski ya mkononi.

Unapohifadhi, hifadhi folda nzima ya kifurushi. Faili ya SYS peke yake haina maana bila INF yake, na INF bila CAT itahesabiwa kuwa haina saini. Usihariri INF hata kwa herufi moja, kwa sababu saini hukokotolewa juu ya maudhui yake na mabadiliko yoyote huibatilisha. Nakili pia kisakinishi kamili cha mtengenezaji kama bado unacho, maana pnputil hutoa draiva tu. Programu ya kuskania au ya kupanga mipangilio ya kifaa inaweza kuwa haimo. Ipe kila folda jina la kifaa, toleo, na aina ya mfumo, ukitofautisha biti 32 na biti 64: Windows ya biti 64 haipakii draiva za kerneli (kiini cha mfumo) za biti 32, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32.

Siku ya kurudisha, amri ni hii:

`pnputil /add-driver D:\AkibaDraiva\*.inf /subdirs /install`

Binafsi sipendi kuiendesha kwa folda yote kwa mpigo. Huirudishia mfumo mpya mrundikano uleule uliouhama. Chagua folda ya kifaa unachokihitaji.

Lango_Salama alijibu:

Kuna upande mmoja ambao haujaguswa. Mpaka sasa draiva ya zamani imezungumzwa kama suala la nafasi, lakini kuna draiva za zamani ambazo kubaki kwake ni hatari kwa usalama, hata kama zina kilobaiti chache tu.

Draiva ya kerneli hufanya kazi kwa mamlaka makubwa kuliko programu yoyote ya kawaida, na yenye kasoro humpa mtumiaji asiye na haki njia ya kujipandisha mamlaka. Mfano unaojulikana ni wa Mei 2021, pale Dell ilipotangaza udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2021-21551 katika faili ya dbutil_2_3.sys, ambayo zana zake za kusasisha programu dhibiti zilikuwa zikiiacha kwenye kompyuta za wateja kwa miaka mingi. Faili hiyo haikuwa ikikaa ghalani bali katika folda za faili za muda, na ushauri rasmi ulikuwa iondolewe, ama kwa zana maalumu au kwa mkono. Kwa hiyo katazo la kufuta kwa mkono linahusu ghala. Masalio yaliyo nje ya ghala hushughulikiwa kwa kufuata taarifa ya mtengenezaji.

Kwa ndugu Mtunza_Diski, mahali pazuri pa kuanzia ni programu ya usalama ya Windows, sehemu ya usalama wa kifaa, kwenye kipengele cha kutenga kiini (Core isolation). Ukijaribu kuwasha ulinzi wa uadilifu wa kumbukumbu na ukakataliwa, utaonyeshwa orodha ya draiva zisizopatana nao, nyingi zikiwa zimetajwa kwa majina yale ya oem. Mara nyingi ni draiva za vifaa usivyovitumia tena, na hizo ndizo zenye sababu nzuri zaidi ya kuondolewa kuliko zote zilizotajwa hapa.

Hapohapo ipo swichi ya orodha ya Microsoft ya draiva zilizozuiwa, ambayo kuanzia sasisho la Windows 11 la 2022 huwa imewashwa tangu mwanzo. Iache hivyo. Wavamizi wenye haki za msimamizi huja na draiva dhaifu waliyoibeba wenyewe, kwa hiyo kusafisha zako pekee hakutoshi. Na anayehifadhi draiva za kale, kama alivyoeleza Mhifadhi_Vifaa, azihifadhi kwenye diski iliyochomolewa, si ghalani.

Mtunza_Diski aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimetengeneza nakala kwenye diski ya nje, kisha nikafuta matoleo ya zamani ya draiva ya michoro kwa pnputil, nikabakiza moja la nyuma. Nafasi iliyorudi inatosha kwa sasisho.

Nimebakiwa na maswali mawili. Vifurushi vya printa na skana vinakataa kufutwa kwa maelezo kwamba kuna kifaa kinachovitumia, ilhali vifaa hivyo havipo tena. Pili, kwenye mzizi wa diski C kuna folda zenye majina ya watengenezaji, kama C:\AMD na C:\SWSetup. Je, nazo ni sehemu ya ghala?

Fundi_Taratibu alijibu:

Windows hukumbuka kila kifaa kilichowahi kuunganishwa, na kumbukumbu hiyo huhesabiwa kuwa ni matumizi ya kifurushi. Fungua dirisha la kusimamia vifaa kwa amri ya devmgmt.msc, katika menyu ya mwonekano chagua kuonyesha vifaa vilivyofichwa, na utaviona vikiwa na rangi iliyofifia. Ondoa kwa kubofya kulia kile tu unachokitambua kwa jina; usiguse vilivyofifia vilivyo chini ya vifaa vya mfumo au vidhibiti vya hifadhi, kwa sababu vingine huamshwa na Windows yenyewe pale vinapohitajika. Kisha rudia amri ya kufuta bila /force. Kwa printa huenda ukahitaji hatua moja ya ziada: amri ya `printui /s /t2` hufungua orodha ya draiva za uchapishaji, na humo unaweza kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ikikataa, anzisha upya huduma ya uchapishaji kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoishikilia faili.

Folda za C:\AMD na C:\SWSetup si ghala. Ni mahali ambapo visakinishi hufungua vilivyomo kabla ya kusakinisha, na ukishamaliza kusakinisha unaweza kuzihamishia kwenye diski ya nje au kuzifuta kwa njia ya kawaida. Folda za watengenezaji zilizomo ndani ya Program Files ni jambo jingine. Hizo ziondolewe kwa kuondoa programu husika.

Mhifadhi_Vifaa alijibu:

Nyongeza fupi kwa atakayesoma haya baada ya kompyuta kukataa kuwaka. Jaribu kwanza hali salama na ile alama ya kurejesha mfumo. Ikishindikana, katika mazingira ya uokoaji ya Windows fungua dirisha la amri na uandike `dism /image:C:\ /get-drivers` ili kuona vilivyosajiliwa, na `dism /image:C:\ /add-driver /driver:D:\AkibaDraiva\` ikifuatiwa na jina la folda ya kifurushi unachotaka kukirudisha. Herufi za diski katika mazingira hayo mara nyingi hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwa amri ya `dir` kwamba C unayoiandika ndiyo yenye folda ya Windows. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, utaombwa ufunguo wa urejeshaji kabla ya hayo yote. Uandike mahali pengine leo, wakati kompyuta bado inawaka.